Risala ya Kikundi cha Usafi wa Mtaa kwa Mgeni Rasmi, Makorora, Tanga

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wa mtaa, wazee wetu, mabibi na mabwana, asalaam aleikum.

Sisi ni akina mama na vijana wa hapa Makorora. Ahsante kwa kuja, tena kwa miguu, maana gari lako limeishia kule barabarani kama yanavyoishia magari yote. Hilo la gari tutalirudia.

Mheshimiwa, wageni husema Tanga ni waja leo waondoka leo. Maji ya uchochoro huu yalikuja na masika, hayajaondoka. Humo anazaliana mbu, na si yule wa malaria. Huyu hupenda maji machafu na mashimo ya vyoo, na mjini ndiye mwenezaji mkuu wa matende na mabusha.

Kingatiba, yaani vidonge vya kukinga matende na mabusha, ikija tunapanga foleni, tunameza. Lakini ugonjwa huu huletwa na minyoo, na vidonge huua hasa vijidudu vyake vichanga vya kwenye damu. Mnyoo mkubwa huweza kuishi mwilini miaka kadhaa. Mtu anameza mchana, usiku anaumwa na mbu aliyetoka chooni kwake. Na hiyo "kwake" ni kusema tu: choo kimoja, wapangaji vyumba sita, mwenye nyumba haonekani.

Choo kikijaa, gari la majitaka haliingii. Watu husubiri mvua kubwa, wakatapisha. Tunajua ni kosa, na baadhi yetu tuliosimama hapa tumeshalifanya.

Mwenzetu mmoja alikuwa msukuma mkokoteni. Mguu ulipovimba akaacha kazi, akahama chumba cha mbele akaenda cha uani, jirani na shimo. Kodi ya huko ni nafuu.

Mtaro tumeuzibua kwa majembe mara tatu. Umejaa tena, kwa kuwa hauna pa kumwagia. Tunaomba uchimbiwe njia. Tunaomba pia pampu ndogo ya kunyonya vyoo, ya kubebwa na bajaji.

La mwisho: Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, vyooni zilimwagwa chenga nyeupe za plastiki, jamii ya zile za kufungia televisheni. Zikaelea, viluwiluwi vikakosa hewa, mbu wakapungua sana. Tupewe chenga, kumwaga tutamwaga wenyewe.

Kabla hujaondoka, tunaomba upite uchochoroni. Viatu vya mpira tumekuwekea pale mlangoni.

Tunaomba kuwasilisha.