Daktari wa ubongo apige hodi Pwani

Mhariri,

Msomaji wako wa Nyali aliandika wiki jana kwamba utafiti wa ugonjwa wa kusahau uzeeni ni anasa ya Wazungu, na kwamba fedha zetu zibaki kwenye malaria na kina mama wanaojifungua. Kuhusu malaria na uzazi sina ugomvi naye. Hilo la anasa ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nauza dawa Likoni. Watu huniita daktari, nami nimechoka kuwakataza. Kati ya wateja wangu wamo wasiokuja na karatasi ya hospitali wala jina la ugonjwa: ni watoto waliolemewa na mzazi. Juzi alikuja dereva wa lori kutoka Mtongwe, macho mekundu. "Daktari, nipe kitu cha kumlaza mama. Usiku kucha ataka kwenda kwao Siyu. Nimetia kufuli mlangoni, sasa aniita mwizi." Alichotaka ni vile vidonge vidogo vya manjano vya mafua, vinavyoleta usingizi, maana jirani kamwambia vyafaa. Nilimnyima. Vidonge hivyo humzidishia mkanganyiko mzee ambaye akili yake imeshaanza kuyumba. Hulala kidogo, huamka hajui choo kiko upande gani, na akianguka huvunjika nyonga. Nikamwambia amlete mama tumpime presha na sukari, kwa kuwa hayo mawili huharibu mishipa ya ubongo na yana dawa. Juu ya kumpeleka kwa bingwa wa ubongo nilinyamaza. Wengi wao wako Nairobi, na nauli ya kumpandisha basi mama asiyejua anakopelekwa si ya mtu mmoja.

Sasa turudi kwa anasa. Tangu 1998 kuna watafiti wa nchi mbalimbali wanaojiita 10/66. Walijipa jina hilo kwa sababu wakati huo asilimia 66 ya wenye ugonjwa huu walikuwa katika nchi zisizo tajiri, lakini utafiti uliowahusu haukufika hata asilimia 10. Kwa hiyo wagonjwa wako kwetu, na wanaochunguzwa wako kwao.

Yuko Mwafrika aliyelikataa hilo mapema. Profesa Benjamin Osuntokun wa Ibadan, Nigeria, alikuwa daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu, na sifa yake ilianzia kwenye muhogo. Miaka ya 1960 alikutana na watu wa vijijini waliokufa ganzi miguu, wakiyumba wakitembea, macho na masikio yakififia. Hakungoja wamfuate hospitalini. Aliwaendea makwao, akatazama wanachokula na jinsi kinavyotayarishwa, akaona ni muhogo asubuhi na jioni, muhogo ambao sumu yake ya sianidi haikutolewa sawasawa. (Wauza muhogo wa ufukweni Mama Ngina, hapa Mombasa, wasinikasirikie. Wao wauza muhogo mtamu, na anayekula kipande jioni kwa pilipili na ndimu hana la kuogopa.)

Baadaye akageukia wazee. Kwa muda mrefu yeye na wenzake waliona kwamba ugonjwa wa Alzheimer, ulio aina kuu ya huku kusahau kwa uzeeni, ni nadra mno kwao, maana walipoutafuta hawakuuona. Mwaka 1992 wakaanza kutafuta upya pamoja na Hugh Hendrie wa Indianapolis, Marekani. Upande mmoja mtaa wa Idikan mjini Ibadan, upande wa pili Wamarekani weusi wa Indianapolis, wote wa miaka 65 kwenda juu. Osuntokun alifariki 1995, na kazi ikabaki mikononi mwa Adesola Ogunniyi, naye bingwa wa ubongo wa papo hapo Ibadan.

Mimi nilivutiwa zaidi na namna walivyouliza. Vipimo vya hospitali vilivyozoeleka humtaka mgonjwa aandike sentensi, atoe saba kutoka mia, atoe saba tena. Bibi ambaye hakuwahi kushika kalamu ataanguka mtihani huo hata kama bado anakumbuka deni la kila mtu mtaani. Hendrie na wenzake walikuwa wametunga maswali mengine, ambayo waliyaanzia kwa Wacree, wenyeji wa asili wa Kanada. Muulizaji hushika kiwiko chake: hiki chaitwaje? Nyundo ni ya kazi gani? Daraja ni nini? (Hilo la daraja Likoni lina siasa ndani yake, waulizaji wajihadhari.) Mtu huenda wapi kununua dawa? Hapo nilicheka peke yangu dukani. Kisha huulizwa mtu wa nyumbani: amebadilika? Hupotea njia? Kazi zake za kila siku bado azimudu? Na kwa kuwa wazee wengi wa Ibadan hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, umri wao ulikadiriwa kwa matukio wanayoyakumbuka. Hata hapa, mzee hukwambia alizaliwa mwaka wa njaa fulani, kazi ni yako kuutafuta mwaka huo.

Wazee 2,459 wa Ibadan walifuatiliwa na 2,147 wa Indianapolis, na matokeo yakachapishwa 2001. Ibadan, waliopata Alzheimer kwa mwaka walikuwa asilimia 1.15. Indianapolis, asilimia 2.52. Watu wa asili moja, wakitenganishwa na bahari na karne kadhaa, hatari yao imepishana zaidi ya mara mbili! Jeni ya urithi iitwayo APOE e4, ambayo Marekani yajulikana kumzidishia mtu hatari, kwa Wayoruba uhusiano wake na ugonjwa ulikuwa dhaifu mno. Anayedhani majibu ya wengine yatatutosha alifikirie hilo.

Hapa Pwani msingi tunao. Tangu mwaka 2000 watu wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, kule Kilifi huzunguka nyumba kwa nyumba wakiandika nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama. Kwa njia hiyo hiyo walikwisha kuwatafuta wenye kifafa, ambao wengi wao walikuwa wamefichwa. Haishindikani kuongeza maswali ya wazee. Na Kilifi hiyo hiyo, kule Ganze, kuna Kaya Godoma, wanakokimbilia wazee walioponea kuuawa kwa kushukiwa uchawi. Mzee anayezunguka uchi usiku, anayesema peke yake, anayeingia boma si lake, majirani humpa jina moja tu. Ningependa bingwa wa ubongo akae na wazee wale mmoja mmoja, awapime, kisha matokeo yasomwe barazani mbele ya machifu na vijana wanaoshika mapanga. Malaria haijawahi kumfanya mtu akatwe na mjukuu wake.

Kaunti zetu za Pwani hulipia vijana masomo ya kila namna. Zimlipie daktari mmoja asomee ubongo, kwa mkataba kwamba atarudi kufanya kazi huku na si kufungua kliniki Nairobi. Maswali yale yatafsiriwe kwa Kidigo, Kigiriama na Kiswahili cha Mombasa, yajaribiwe kwanza kwa wazee wazima ili yasimwonee mtu. Daktari huyo akitaka pa kuanzia, aje Likoni. Nawajua wazee wa mitaa mitatu kwa majina na kwa presha zao, na wana wao wengi nimeshawanyima vidonge.

Muuza dawa,
Likoni, Mombasa