Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maji Yanayovuka Kuta za Bahari

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha ziko kwenye taarifa ya mhazini, sitazirudia. Kamati ya ufundi mwaka huu imeshughulika zaidi na ripoti za maabara na za kompyuta zinazokadiria maji yatakayovuka ukuta wa bahari. Nyingi hutoa wastani mmoja tu, lita kwa sekunde kwa kila mita ya ukuta, na kuishia hapo.

Chukueni ukuta wima, wimbi la mita 2 mguuni mwa ukuta, kilele cha ukuta mita 3 juu ya maji. Fomula ya EurOtop, mwongozo wa Ulaya wa kukadiria maji yanayovuka kuta, toleo la 2018, inatoa lita 2.4 kwa sekunde kwa kila mita. Pandisha maji sentimita 30 tu, zinakuwa 4.7, na hapo wimbi tumeliacha vilevile. Kwetu halibaki vilevile. Mbele ya kuta nyingi za Dar es Salaam na Unguja bahari ina kina kifupi, na kina ndicho kinachoamua wimbi la kimo gani lifike ukutani. Bamvua ikijaa huku kusi inavuma, kimo cha kilele juu ya maji kinapungua na wimbi linakua kwa pamoja. Tena fomula hiyo ni ya ukuta ambao sakafu ya bahari iliyo mbele yake haibadilishi mawimbi. Kwa hiyo jaribio la usawa mmoja wa maji halitoshi. Tudai matatu angalau.

Kwa mtembea kwa miguu anayeiona bahari, na wimbi la mita 2, mwongozo unaweka kikomo cha lita 1 kwa sekunde kwa kila mita. Unaweka pia cha pili ambacho ripoti nyingi hukiruka: wimbi moja lisimwage zaidi ya lita 600 kwa mita. Hiki ndicho cha kumwangalia mtu anayetembea jioni kando ya Barabara ya Barack Obama. Wastani haumwangushi mtu. Wimbi moja humwangusha.

Maabarani, kwa kipimo cha 1:20, urefu hugawanywa kwa 20, muda kwa 4.47, na maji yanayovuka kwa 89. Mawimbi 1,000 ambayo baharini ni ya sekunde 8 huchukua humo nusu saa hivi. Lita 4.7 zinakuwa kama mililita 53 kwa sekunde, na jaribio likiisha zimetoka lita 94 kwa kila mita ya upana. Mfereji wa majaribio wa urefu wa mita 30 usiporudishiwa maji hayo kwa pampu hushuka milimita 3, sawa na sentimita 6 za bahari halisi. Ukuta unarefuka katikati ya jaribio, na matokeo yanapendeza kuliko ukweli.

Kosa jingine ni mawimbi yanayorudi kutoka ukutani. Pala la mashine inayotengeneza mawimbi lisipoyameza huyarusha tena, na wimbi linalopimwa si lile lililoagizwa. Vipimo vitatu vya mawimbi, vya nyaya, mbele ya ukuta, vikiwa na nafasi zisizolingana, vinatosha kutenganisha linalokwenda na linalorudi. Virekebishwe upya kila asubuhi, maana nyaya hizo husoma vingine joto la maji likibadilika.

Kwenye kompyuta, programu ya mawimbi iitwayo SWASH ni ya haraka na inafaa kulileta wimbi kutoka bahari kuu hadi mguuni mwa ukuta. Lakini inajua uso mmoja tu wa maji kila mahali. Wimbi linalojikunja na mdomo wa ukuta uliopinda kuelekea baharini haviwezi kuonekana humo. Hapo tumieni OpenFOAM, programu inayokokotoa maji na hewa kwa pamoja, mkiwa na subira. Tabaka la maji linalopita kileleni ni jembamba. Likipata seli mbili tatu tu, yaani vijichumba vya gridi ya hesabu, programu hulichanganya na hewa na maji hupotea. Punguzeni ukubwa wa seli kwa nusu, rudieni hesabu. Jibu likihama sana, gridi bado ni pana. Mimi napendelea kompyuta ichague maumbo matatu au manne ya ukuta, kisha maabara iamue.

Mdomo uliopinda nao umesifiwa kupita kiasi. Hufanya kazi kilele kikiwa juu sana ya maji. Maji yakikaribia mdomo, faida huyeyuka.

Fomu mpya ya ukaguzi inadai mambo manne: usawa wa maji uliojaribiwa, wimbi mguuni mwa ukuta, wimbi moja lililomwaga zaidi, na jinsi maji yalivyorudishwa mferejini. Ripoti isiyo na la nne tutairudisha bila kuisoma.