Kabla ya Kulipia Kompyuta, Hakikisha Prosesa Yake Inaelewa Maagizo ya Programu Yako

Wateja wengi wanaofika dukani kwetu hapa katikati ya jiji la Nairobi huuliza kwanza ukubwa wa RAM na wa diski, ilhali mara nyingi hayo mawili huweza kuongezwa baadaye. Kisichoongezeka ni maagizo (amri za msingi) ambayo prosesa, ubongo wa kompyuta, iliundwa kuyaelewa. Programu inapotumia agizo ambalo prosesa hailijui, hujifunga papo hapo, na kwenye Windows huenda ikaacha nambari 0xC000001D, ambayo wengi hudhani ni dalili ya virusi.

Mwanafunzi mmoja alituletea kipakatalishi chenye prosesa ya Celeron N4020, ambacho hakikuwa na hata mkwaruzo, akieleza kwamba alikuwa amesakinisha TensorFlow, programu ya kuunda akili bandia, mara tatu na kila mara ilikataa kufunguka. Tulikiweka mezani kando ya kingine cha Core i5-2520M, prosesa ya mwaka 2011, kilichokwisha kufifia herufi za kibodi. Hicho kikuukuu kilikuwa na AVX, kundi la maagizo ya kufanya hesabu nyingi kwa pamoja, ambayo TensorFlow iliyo tayari kusakinishwa imeihitaji tangu toleo la 1.6, kile kipya hakikuwa nayo. Ilituuma, kwa kuwa ukaguzi wa dakika mbili ungemwokolea karo yake.

Ukaguzi wenyewe ni huu. Kwenye Windows, fungua CPU-Z, programu inayoonyesha undani wa prosesa, kisha usome mstari wa Instructions. Kwenye Linux, andika lscpu kwenye terminali na utafute jina la agizo unalolihitaji, kama avx, avx2, sse4_2 au popcnt, katika mstari wa Flags. Windows 11 toleo la 24H2 haiwaki kabisa bila SSE4.2 na POPCNT, na ndiyo sababu hatuuzi tena kompyuta za Core 2 Duo kwa anayeitaka, ingawa kuwa na maagizo hayo pekee hakutoshi kuifanya prosesa itambuliwe rasmi na Microsoft.

Kwa ofisi zinazotumia kompyuta pepe (kompyuta inayoendeshwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi), kagueni pia mipangilio yake, kwa kuwa inaweza kuificha AVX hata kama prosesa halisi inayo, na hapo hifadhidata ya MongoDB kuanzia toleo la 5.0 haitafanya kazi.

Ukija kununua, tuandikie jina na toleo la programu utakayotumia. Tutaiwasha kompyuta mbele yako na kukusomea mstari huo kabla hujalipa.