Reli haikuanza na injini, ilianza na makaa

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo linaniuma muda mrefu. Kila nikisoma historia ya reli naona watu wanaanzia kwa George Stephenson, yule Mwingereza fundi wa injini za mvuke, na ile safari ya treni yake kwenye reli ya Stockton na Darlington, tarehe 27 Septemba 1825, kama vile kabla ya siku hiyo hakukuwa na kitu. Si kweli jamani. Wakati huo Uingereza ilikuwa na reli kwa zaidi ya miaka 200, na kilichozizaa ni makaa ya mawe.

Mwaka 1604 huko Wollaton karibu na Nottingham, Huntingdon Beaumont, mfanyabiashara wa makaa, alishatandika reli za mbao za kushushia makaa, farasi wanavuta. Sababu inaeleweka, barabara za enzi zile mvua ikinyesha ni tope tupu, mkokoteni unazama, lakini gurudumu likipita juu ya mbao farasi yuleyule anavuta mzigo mkubwa zaidi mara kadhaa. Baadaye kule Newcastle, mji wa makaa kaskazini mwa Uingereza, behewa moja lilibeba zaidi ya tani 2 na nusu, na farasi mmoja tu.

Na ile safari yenyewe haikuwa ya mchezo. Kwenye mteremko farasi anafunguliwa anafungwa nyuma, behewa linashuka lenyewe kwa uzito wake, na mwenye behewa kazi yake ni kuukalia mti mrefu wa breki unaobana gurudumu. Sasa fikiria mvua imenyesha, mbao zinateleza, breki ya mti haishiki, na chini kuna behewa la mwenzako. Watu walikufa hivyo na farasi walikufa hivyo, halafu leo tunaambiwa reli ni akili ya mtu mmoja na injini yake.

Wakifika mtoni kuna gati refu la mbao limeinuliwa juu ya maji. Behewa lenyewe lilitengenezwa juu pana chini jembamba, na sakafu yake ni mlango, ukifunguliwa makaa yanaporomoka kwenye mfereji hadi chomboni. Ila makaa yakidondoka kutoka juu sana yanavunjika, na makaa madogo bei yake ni ndogo, ndo maana baadaye wakaweka mitambo ya kulishusha behewa zima taratibu mpaka karibu na sitaha ya meli. Kwa mwenye mgodi ilikuwa faida, lakini wale wanaume wa mashua waliokuwa wanapeleka makaa, kama tani 21 kila mashua, na kuyapakia melini kwa sepetu, kazi yao ikaanza kuliwa. Mwaka 1822 waligoma wiki nyingi tu. Hao hata siku moja sijawaona kwenye makala ya reli.

Na hapo sijafika chini ya ardhi, ambako ndo mzigo wenyewe unaanzia. Kabla behewa halijaguswa na farasi wa juu kuna mtu ameshajaza kitoroli kwa mkono kwenye giza, na mtu mwingine amekisukuma, na mara nyingi huyo mwingine ni mtoto. Yorkshire wasichana walivaa mkanda kiunoni na mnyororo unapita katikati ya miguu, wanavuta wakitambaa. Sheria ya kuwatoa wanawake wote, wasichana, na wavulana wa chini ya miaka 10 ilikuja mwaka 1842, yaani miaka 17 baada ya hiyo safari inayosherehekewa! Tena mchimbaji alilipwa kwa kitoroli alichojaza, kikionekana hakijajaa au kina mawe ndani anakatwa au hapati kitu kabisa, na anayeamua ni mtu wa tajiri. Mpaka mwaka 1860 ndo sheria ikawaruhusu wachimbaji waweke mtu wao wa kusimama pale kwenye mizani ya kupimia vitoroli.

Simpingi Stephenson, yeye mwenyewe ametoka hukohuko migodini na injini yake ya kwanza ya mwaka 1814 pale kwenye mgodi wa Killingworth ilikuwa ya kuvuta makaa. Ninachoomba ni kimoja, mkiandika tena habari za reli anzeni na anayejaza na anayesukuma. Na kama mtaweka picha, badala ya injini wekeni lile behewa la mbao linateremka, mtu amekalia breki, farasi wake anafuata nyuma.

Msomaji wenu wa siku nyingi