Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwenendo wa Viongozi Vijana

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wakulima wa korosho, wazee wetu walezi, na mama zetu mliofika kutoka vijiji mbalimbali vya Tandahimba,

Palizi ilikamilika, salfa ya kuzuia ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ilipulizwa kwa wakati, na hesabu zimekwisha kubandikwa ubaoni ili kila mmoja azisome. Kwa hiyo nitaitumia nafasi hii kueleza jambo lililoishughulisha kamati kuliko yote, nalo ni mwenendo wetu sisi viongozi vijana mbele ya wenzetu.

Tulipochaguliwa, wapo wazee waliouliza kama vijana wa umri wetu wanaweza kukabidhiwa mali ya watu. Ni kweli kwamba Salim Ahmed Salim aliteuliwa kuwa balozi nchini Misri mwaka 1964 akiwa na miaka 22, lakini sisi hatukuwa na haki ya kujikinga kwa jina lake. Ilitupasa kuwajibu wazee kwa matendo yetu wenyewe.

Mnajua jinsi msimu unavyotujaribu. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, mkulima hupima mzigo wake wa korosho, ukawekwa ghalani, akasubiri mnada, ndipo alipwe, na katika siku hizo za kusubiri, mwenye mgonjwa au ada ya mtoto hufuatwa hadi nyumbani na mnunuzi wa kangomba, yaani anayenunua korosho nje ya mfumo huo, mwenye fedha taslimu na bei ya kumnyonya. Linaloniuma zaidi ni kwamba anayetumwa kukusanya korosho hizo mara nyingi ni kijana mwenzetu, wa kijiji hicho hicho. Kamati iliazimia kwamba hakuna kiongozi atakayenunua, kuuza wala kumwelekeza mtu kwa kangomba. Mjumbe wetu mmoja aliuguliwa na mama yake mwezi Novemba, korosho zake zikiwa bado ndani, naye akaenda kukopa kwa ndugu zake kuliko kuvunja azimio hilo. Namshukuru mbele yenu.

Nami nina langu la kukiri. Katika mnada wa pili nilipeleka gunia ambalo nilikuwa nimeliwahisha kabla korosho hazijakauka. Karani alichota kiganja kimoja, akazitikisa karibu na sikio, zikawa kimya, akaniambia, "Mwenyekiti, hizi zirudi juani." Foleni nzima ilinitazama. Nilijua kwamba nikibishana naye, kesho hataweza kumrudisha mwanachama yeyote, kwa hiyo nililibeba gunia langu, nikalianika tena siku tatu kwenye turubai. Kabla sijaondoka pale, wanachama wawili waliokuwa nyuma yangu walikwisha kufungua magunia yao na kuanza kuchambua mawe na korosho mbovu, bila kuambiwa na mtu.

Kutokana na hilo, kamati inaleta pendekezo moja mbele ya mkutano huu: kuanzia msimu ujao, mizigo ya viongozi ikaguliwe na kupimwa kwanza, hadharani, na karani awe na mamlaka kamili ya kuirudisha. Naomba mlijadili kwa uwazi, na mkilipitisha, wangu uwe wa kwanza mizanini.