Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa: kile kipande cha wazi, spika za usiku na bustani ya mtaa

Mheshimiwa Mkurugenzi, salamu kwako na kwa wote mnaofanya kazi hapo halmashauri.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mpangaji hapa Dar, na ni mmoja wa kinamama na vijana tunaolima kile kipande cha eneo la wazi cha mtaani kwetu. Mtaa sitautaja hapa ili watu wasianze kunyoosheana vidole, mtendaji wetu anaujua na barua yenye majina tumeshaipitisha kwake. Hii naiweka hadharani kwa sababu najua hatuko peke yetu, nenda Tabata, nenda Sinza, nenda Mwananyamala, wazazi wanaongea yale yale.

Tatizo letu ni moja ila limekatwa vipande viwili. Ukilalamika kelele unaambiwa nenda mazingira, ukiuliza habari za bustani unaambiwa nenda kilimo, wakati kiwanja ni kile kile kimoja! Upande mmoja tumepanda, upande wa pili baa ya jirani imesogeza viti, halafu zikafuata spika, na kila msimu wa sikukuu viti vinasogea tena kidogo kuja kwetu. Hakuna karatasi inayosema kipande kile ni cha matumizi gani, kwa hiyo anayeweka kitu kizito zaidi ndiye anayeonekana mwenye haki.

Naomba nikueleze tunachofanya pale maana watu wakisikia bustani wanafikiria matuta mawili ya mchicha. Pale palikuwa jalala. Tulianza na mboji, mabaki ya jikoni na ya genge, majani makavu, samadi ya kuku wa jirani, tukafunika udongo kwa matandazo ili jua lisiukaushe. Vijana wakachimba shimo kubwa la duara, ndani tunatupa majani na matawi, pembeni tumezungushia migomba, mipapai na magimbi, na maji ya kufulia ya nyumba za karibu yanaingia pale badala ya kutuama njiani na kuzalisha mbu. Maji ya sabuni hatuyapeleki kwenye mboga, yanaishia kwenye migomba. Mlonge uko pembeni, mchaichai kwenye kingo, matembele yanatambaa chini na kufunika ardhi, kila mmea una kazi zaidi ya moja. Kilimo cha namna hii, cha mimea inayosaidiana, wataalamu wanakiita pamakalcha (permaculture), wazo lilianzia Australia miaka ya 1970 kwa Bill Mollison na David Holmgren, lakini bibi yangu mgombani alikuwa anachanganya migomba, maharage na magimbi shamba moja bila kusoma popote, kwa hiyo kwetu si jambo la ajabu kihivyo.

Na mboga zenyewe zina maana kwetu. Watafiti walishapima mboga zilizolimwa pembezoni mwa mto Sinza na mto Msimbazi wakakuta madini yenye sumu kama risasi (lead) na kadmiamu, majibu yalichapishwa mwaka 1999, na hiyo mito unajua mwenyewe inapita wapi na inabeba nini. Mimi nikimpa mwanangu mchicha nataka nijue umemwagiliwa na maji gani. Maji ya mvua yapo, bati la paa la mita za mraba 40 mvua ikinyesha milimita moja tu linakupa lita 40, sasa fikiria masika nzima, maji mangapi yanatiririka barabarani kuongeza mafuriko wakati sisi tungeyazuia pale pale.

Sasa njoo kwenye familia. Mume wangu anafanya kazi ya zamu, wiki akiingia usiku analala mchana, wiki akiingia mchana analala usiku, na kwa kelele zilizopo hapati usingizi popote. Mchana kuna mashine ya kuchomelea, kuna bodaboda zilizotolewa sailensa, kuna vile vipaza sauti vya dawa ya mende na kunguni vinavyojirudia maneno yale yale kutwa, hayo tunavumilia, watu wanatafuta riziki na mji ni mji. Usiku ndiyo hatuwezi. Mkubwa wangu yuko darasa la saba, mtihani ni Septemba, muziki unapigwa hadi saa nane saa tisa, saa kumi na moja lazima aamke awahi daladala. Mdogo akishtuka anamwamsha wa katikati. Asubuhi wote tuna hasira, tunafokeana kwa vitu vidogo, kiatu kimoja hakionekani nyumba nzima inalia. Kumwagilia kunatakiwa kufanyika alfajiri kabla jua halijawa kali, na mtu ambaye hajalala haamki alfajiri, kwa hiyo zamu zinarukwa, miche inakauka, kinamama wanaanza kulaumiana kwenye grupu la WhatsApp. Yaani ile spika inaharibu hadi mboga, sisemi kwa utani.

Jioni lakini, kuanzia saa kumi na moja hadi magharibi kabla muziki haujafunguliwa, pale panakuwa pazuri sana. Watoto wanatoka shule wanakuja kubeba maji, wazee wanakaa kwenye benchi, baba mmoja ambaye tulikuwa hatusalimiani naye sasa ndiye anawafundisha watoto kukata vipando vya matembele. Mimi muda wa kukaa na wanangu bila simu bila TV ni ule. Kama kuna kitu nakuombea ukione kwa macho yako ni hicho, njoo saa kumi na mbili jioni, kisha urudi saa saba usiku siku hiyo hiyo.

Kuna mtu alitushauri tupande miti mingi izuie kelele. Tungependa iwe kweli, ila mstari mwembamba wa michongoma au mlonge unapunguza sauti kidogo sana, na lile besi zito ndilo linapita kabisa, linafika hadi kwenye godoro. Sauti kwenye eneo la wazi inapungua karibu desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali ukizidishwa mara mbili, spika inayotoa desibeli 100 ukiwa mita moja, mita 64 mbele bado una kama desibeli 64 hivi. Shirika la Afya Duniani ofisi ya Ulaya mwaka 2009 lilishauri usiku nje ya nyumba wastani usizidi desibeli 40. Dirisha langu haliko mita 64 kutoka kwenye spika, liko karibu zaidi ya hapo.

Sheria hatuna haja ya kutunga mpya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ipo, kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za 2015 zipo na zimetenga viwango vya mchana na usiku, na leseni za vileo zinapitia kwenu halmashauri. Hatutaki baa ifungwe, kuna mabinti wa mtaani wanafanya kazi pale na wana watoto kama mimi. Tunataka spika ziingizwe ndani na zigeuzwe zisielekee nyumba za watu, muda wa muziki uandikwe kwenye leseni na ufuatwe, na vipimo vichukuliwe usiku. Kupima kelele ya baa saa nne asubuhi hakumsaidii mtu. Na hili liguse wote, hata mikesha ya ibada yenye spika za nje, mimi ni muumini nasema hivyo kwa heshima kabisa.

Kuhusu kiwanja, tunaomba maandishi. Mchicha unavuna wiki ya tatu au ya nne, ndiyo maana mtu asiye na uhakika na ardhi anapanda mchicha tu, miaka nenda rudi. Mwembe au mfenesi unataka miaka ndipo ule tunda, na nani atapanda mwembe mahali ambapo Desemba atakuta meza za plastiki? Tupeni makubaliano ya miaka kumi, kipande kipimwe, kiingie kwenye ramani ya mtaa kama bustani na sehemu ya watoto, kibao kiwekwe. Fedha hatujaomba, ile mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu tutakuja kuiomba kwa utaratibu wake, ila tukifika dirishani tutaulizwa eneo mnalolimia ni la nani, na bila hiyo karatasi hatuna jibu.

Tunaomba jibu kabla ya masika, mvua za Machi zikianza udongo wa pale hauchimbiki na tunataka Februari tuwe tumemaliza mitaro ya kukinga maji. Mtendaji wa mtaa ana namba zetu, afisa ugani wa kata anatufahamu kwa sura. Jumamosi yoyote asubuhi mtatukuta pale.

Wako,
mama wa watoto watatu, kwa niaba ya wakulima wa eneo la wazi