Usinilipe Kwanza

Mwanangu mpenzi,

Juzi kwenye simu ulisema umeamua kufungua kesi ya kufilisika, halafu harakaharaka ukaongeza, "Lakini mama, zile dola 1,500 zako nitakulipa kwanza." Nikanyamaza, ukadhani nimeudhika. Sikuudhika. Nilimkumbuka mama yako mdogo.

Ulikuwa darasa la tano nilipofilisika mimi. Pesa ya wakili sikuwa nayo, na aibu ilinijaa hadi sikumuuliza mtu. Nikaenda kwa bwana mmoja aliyekuwa akijaza fomu za mahakama kwa malipo. Karatasi zilitoka safi kama mwaliko wa harusi. Ndani yake kulikuwa na swali: je, mwaka huu uliopita umemlipa ndugu yeyote deni? Bwana yule aliandika "hapana" bila hata kuniuliza, nami nikatia sahihi bila kusoma.

Kumbe nilikuwa nimemlipa mama yako mdogo dola 2,000 alizonikopesha. Nilijiona muungwana, maana benki itasubiri, ndugu hasubirishwi. Sheria ya Marekani haioni hivyo. Ukimlipa jamaa deni lake ndani ya mwaka mmoja kabla ya kufungua kesi, huo unaweza kuhesabiwa upendeleo, na mdhamini anayesimamia kesi ana uwezo wa kuzidai pesa hizo zirudi wagawiwe wadai. Mdhamini aliniuliza mwenyewe, nikiwa nimekwisha kula kiapo. Nikasema kweli. Barua ikamfikia mdogo wangu, na pesa alikwisha kuzitumia. Alilipa kidogo kidogo kwa miezi minane, wala hajawahi kunisema. Bora angenisema.

Mjaza fomu ni mchapaji tu. Sheria yenyewe inamkataza kutoa ushauri. Wakili angeniuliza swali lile mapema na kunishauri nisubiri, na wakili wa bure angepatikana kama ningemtafuta.

Kesi ya madeni si ya jinai, kwa hiyo usitazamie mahakama ikupe wakili. Anza na ofisi za msaada wa kisheria zinazofadhiliwa na shirika liitwalo Legal Services Corporation, lililoundwa na Bunge la Marekani mwaka 1974. Kwa kawaida zinapokea wenye kipato kisichozidi asilimia 125 ya kiwango rasmi cha umaskini, kwa kufuata idadi ya watu nyumbani. Wakikuambia kesi za kufilisika hawachukui, au foleni imejaa, usikate simu: waulize watu wa hali yako huwa wanawaelekeza wapi. Kuna chama cha mawakili cha jimbo lako, kliniki za vyuo vya sheria, na tovuti ya mahakama ya kufilisika ya eneo lako, maana nyingi zina ukurasa wa wasio na wakili. Uliza wote, na siku hiyohiyo. Mimi ningekuwa na ujasiri wa kupiga simu tatu tu, ndugu yangu angesalimika.

Ada ya mahakama kwa Sura ya 7, yaani ile kesi ya kufilisika ya kufutiwa madeni, ni dola 338. Kama kipato chako kiko chini ya asilimia 150 ya kiwango kile cha umaskini, unaweza kuomba usamehewe. La sivyo, omba kulipa kwa awamu, hadi nne. Utatakiwa pia kupata ushauri wa madeni ndani ya siku 180 kabla ya kufungua kesi, kwa wakala aliyeidhinishwa, na asiye na uwezo wa kulipa hawaruhusiwi kumfukuza. Wale wa kwenye matangazo wanaoahidi kufuta madeni yako ukiwatangulizia pesa, wapite kando.

Ukienda kwa wakili, beba hati za mshahara, ritani ya kodi, na zile bahasha ulizozirundika juu ya friji. Nilikuja kwako nikaziona, nyingine hata hazijafunguliwa. Zifungue, kwa sababu deni usiloliorodhesha linaweza kubaki shingoni mwako.

Basi zile dola 1,500 usizitume. Fomu ikikuuliza unadaiwa na nani, niandike na mimi: jina langu lote, anwani, na kiasi, kama unavyoiandika benki. Nitaipokea barua ya mahakama kama wadai wengine.

Mama yako